Asali yangu ni safi lakini maduka ya Dar hayataki hata kuionja: hela niweke kwenye nembo au kwenye chupa?

MrinaAsali (Sikonge, Tabora)

Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni mfugaji nyuki huku Sikonge. Nina mizinga yangu na mingine ya baba mdogo, na msimu huu tumerina vizuri. Ni asali ya msitu wa miyombo, rangi yake imekolea, nzito, haijachanganywa na kitu chochote. Hapa nyumbani watu wanaifuata wenyewe na ndoo zao. Napima, wanalipa, wanaondoka. Sijawahi kumbembeleza mtu.

Shida imeanza nilipoipeleka Dar. Niliijaza kwenye chupa za maji za lita moja na nusu, zimeoshwa na kukaushwa vizuri kabisa, nikashuka nazo stendi ya Magufuli, nikazunguka maduka ya Sinza, Mwenge na Kinondoni. Wa kwanza aliziona nikiwa bado mlangoni, akasema "za barabarani peleka barabarani". Wa pili alizigeuza mkononi, akanirudishia bila neno. Huyo wa pili alikuwa na asali nyingine kwenye rafu, nikainunua chupa ndogo nikaionja nikiwa kwenye daladala. Nyepesi, ina harufu ya moshi, na bei yake karibu mara mbili ya yangu. Iliniuma sana, maana najua kazi tunayofanya porini.

Binamu yangu wa Tabata anasema ninachokosa ni chapa. Amenitafutia kijana wa kuchora nembo, kufungua ukurasa wa Instagram, kupiga picha, na kutengeneza fulana na kofia zenye jina. Jumla laki sita. Na mimi hela niliyotenga kwa kazi yote hii ni laki tisa. Jina alilonipendekezea ni la Kiingereza, refu, lina neno la mfalme na neno la dhahabu ndani yake.

Baba mdogo naye anasema kizuri chajiuza, nirudi na ndoo zangu Sikonge, wanaoijua wataifuata.

Naomba ushauri kwa mliopita njia hii. Nimsikilize nani?

---

Mteja_Manzese

Mkuu, baba mdogo wako ana busara. Mimi asali nanunua kwa mzee mmoja hapa Manzese, anaipima kwenye chupa yoyote unayokwenda nayo. Hana lebo, hana nembo, hana Instagram, na kila mwezi akileta mzigo unaisha. Laki sita ni mizinga mingapi hiyo? Ongeza mizinga, achana na fulana.

---

MamaDuka_AreaC (Dodoma)

Mwanangu MrinaAsali, pole na safari. Nitakujibu kwa kirefu kwa sababu mimi nakaa upande wa pili wa ile kaunta uliyogeuzwa. Nina duka la vyakula hapa Area C, na rafu moja nzima nimeiacha kwa ajili ya bidhaa za wajasiriamali wa ndani: asali, siagi ya karanga, unga wa lishe, achari, viungo, mafuta ya alizeti ya Singida. Wengine wananiuzia taslimu, wengi wananiachia mali kauli, yaani nawalipa nikishauza. Kwa hiyo kila siku naona kwa macho yangu nini kinachukuliwa na nini kinarudishwa.

Kwanza nimjibu Mteja_Manzese kwa heshima. Ndugu yangu, yule mzee unayenunua kwake, wewe unamfahamu. Unajua anakaa wapi, asali ikiwa mbaya utamfuata, na yeye anajua utamfuata. Hiyo ndiyo chapa yake. Sura yake inafanya kazi ambayo lebo ingefanya. Na wewe MrinaAsali, huko Sikonge ni hivyo hivyo: watu wanamjua baba yako mdogo, wanajua msitu mnaorina, wanajua mama yako ni nani. Baba mdogo hakukosea aliposema kizuri chajiuza, kwa sababu pale kwenu kila mtu alishajua kwamba ni kizuri kabla hajafungua ndoo. Sasa umefika Sinza. Hakuna anayekujua wala anayejua Sikonge iko upande gani. Maswali yote ambayo ukoo wako ulishayajibu nyumbani, huku yanatakiwa kujibiwa na chupa, tena ikiwa imesimama peke yake rafuni na wewe uko porini.

Nikueleze mteja anavyofanya, nimemwangalia mara nyingi mno. Anafika kwenye rafu, haangalii nembo. Anaichukua chupa kwa shingo. Kama inanata, imekwisha: anairudisha, anafuta vidole kwenye kanga au suruali, na hatagusa nyingine ya jina lile hata kama ni kavu. Kama ni kavu, anaipindua kichwa chini na kuangalia povu la hewa linavyopanda. Likipanda polepole anatikisa kichwa kwa kuridhika, likikimbia anasema "hii imetiwa maji". Kisha anarudi kwenye mfuniko, anaukwaruza kwa ukucha kuona kama kuna sili. Halafu anatafuta tarehe. Mwisho kabisa, kama vyote hivyo vimepita, ndipo anasoma jina na kuniuliza: "Mama, hii inatoka wapi?" Yote hayo yanachukua muda mfupi kuliko ninavyotumia kumrudishia mtu chenji.

Sasa chukua chupa yako ya maji uipitishe kwenye mtihani huo. Kizibo cha chupa ya maji kina pete, na ile pete ikishakatika mara ya kwanza hairudi. Mteja akiona pete imekatika anasoma kitu kimoja tu: kuna mtu alishaifungua hii kabla yangu. Ubavuni au chini mara nyingi kuna alama ya kampuni ya maji. Kwa hiyo kabla hujasema neno, chupa imeshasema kwamba ndani kuna kitu kisicho chake. Yule wa pili aliyekurudishia bila neno alisoma hayo, na huenda hata yeye mwenyewe asingeweza kukueleza alisoma nini. Asali yako hakuionja kwa sababu chupa haikumpa sababu ya kuionja. Na ile nyepesi yenye moshi imekaa rafuni kwake kwa sababu ina sili, ina gramu, ina tarehe na ina namba ya simu. Ladha inamfanya mteja arudi mara ya pili. Mara ya kwanza ananunua kwa macho na vidole.

Kwa hiyo laki tisa yako, mimi ningeanzia kwenye chupa mpya zenye mfuniko wa sili. Za plastiki ngumu zinatosha. Za kioo zinapendeza, lakini kutoka Sikonge kwa basi utalia, na zikivunjika mbili kwenye katoni zinachafua zote zilizobaki, na nimeshakueleza kinachotokea kwa chupa inayonata. Chagua chupa za aina moja na ukubwa usiozidi wa aina mbili. Hakikisha muuzaji wa chupa ni mtu mwenye mzigo wa kudumu, siyo mwenye mabaki ya katoni kumi, maana mwezi ujao ukija na umbo jingine mteja wangu ataniuliza kama umebadilisha asali.

Halafu nunua kitambaa na ndoo ya maji ya vuguvugu. Nasema kwa dhati kabisa. Kila chupa ifutwe baada ya kufungwa, ikaushwe, ndipo ibandikwe lebo. Lebo ikibandikwa juu ya asali iliyodondoka inaanza kujikunja pembeni ndani ya wiki moja, na hapo vumbi la Dodoma linakaa kwenye gundi. Nina mama mmoja wa Kondoa ananiletea asali, lebo yake ni ya kawaida kabisa, rangi mbili, lakini chupa zake zinakuja kila moja imefungwa kwenye karatasi na zinang'aa. Zinaisha kabla ya zote. Mwingine ana nembo nzuri mno, nyuki amechorwa hadi miguu inaonekana, ila mifuniko yake inavuja. Nimemrudishia mzigo, nikamwambia anitafute akibadilisha mfuniko.

Kwenye lebo weka: ASALI kwa herufi kubwa, mtu asilazimike kusoma kwa kukisia. Uzito kwa gramu. Hapa wengi wanachanganya, naomba uelewe vizuri. Asali ni nzito kuliko maji. Lita moja ya asali ina kama kilo moja na gramu mia nne. Chupa ya nusu lita ikijaa asali ina takriban gramu 700. Ukiandika "500 g" kwa sababu chupa inaitwa ya nusu lita, umejipunja mwenyewe gramu 200. Na ukiandika gramu 700 ukajaza pungufu, Wakala wa Vipimo wakikukuta ni kosa. Nunua mzani, pima. Halafu weka mahali inapotoka, na hapo mwanangu usione aibu: andika Sikonge, Tabora, msitu wa miyombo. Mtu wa Dar akisikia asali anawaza Tabora, umeshapewa heshima hiyo bure, na wewe unataka kuificha nyuma ya mfalme wa dhahabu! Weka tarehe ya kujazwa na ya mwisho wa matumizi, namba ya toleo (yaani ya mzigo uliojazwa pamoja), na namba ya simu inayopokelewa. Na weka sentensi hii: "Asipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja." Ni ushauri wa kitabibu wa kweli, asali inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuvimudu. Mama akiisoma anajua aliyejaza chupa hii anajua anachofanya.

Fulana na kofia haziingii dukani kwangu. Ziache kwanza.

---

MrinaAsali

Mama, shikamoo. Nimesoma mara mbili, na baba mdogo nimemsomea kwa sauti, amecheka pale kwenye pete ya kizibo, anasema ni kweli kabisa, hata yeye huwa anaiangalia akinunua maji.

Naomba kuuliza mawili. La kwanza, asali yetu ikikaa mwezi wa sita na wa saba inaganda, na mteja mmoja wa Morogoro aliwahi kunipigia akisema nimemuuzia sukari. Chupa ikiwa ya kuonekana ndani si nitazidi kuumbuka? La pili, jina. Kama siyo hilo la Kiingereza, niweke lipi, na nifanyeje lisije likachukuliwa na mwingine?

---

MamaDuka_AreaC (Dodoma)

Marahaba mwanangu.

Kuganda kumewaua wafugaji wengi wasio na kosa. Asali halisi inaganda kwa sababu ina sukari yake ya asili ya glukosi, na baridi inaiharakisha. Huku Dodoma asubuhi za mwezi wa saba naikuta imeganda hadi katikati ya chupa. Ukienda Njombe au Mbeya ndiyo kabisa. Lakini mteja hajui, na akiona chenga nyeupe chini anawaza sukari ya dukani. Usisubiri akupigie simu amekasirika. Mwambie mapema, pale pale kwenye lebo: "Asali hii huganda wakati wa baridi. Weka chupa kwenye maji ya vuguvugu, itayeyuka." Vuguvugu, yasichemke, maana moto mkali unaua harufu na kuikoleza rangi. Tangu yule mama wa Kondoa aandike maneno hayo, wateja wangu wakiona imeganda wanaonyeshana kwa furaha kwamba hii ndiyo yenyewe. Chupa ni ile ile, chenga ni zile zile. Kilichobadilika ni nani aliyesema kwanza.

Chupa iwe ya kuonekana ndani. Asali iliyofichwa inatiliwa shaka.

Ila angalia maji. Ukirina masega ambayo nyuki hawajayafunga kwa nta, asali inakuwa na maji mengi, na ikizidi asilimia 20 inaumuka: povu juu, mfuniko unavimba, harufu ya pombe. Chupa moja ya namna hiyo ikifunguka mezani kwa mteja hakuna nembo itakayokuokoa. Kuna kifaa kidogo cha kupimia maji kwenye asali, maofisa nyuki wa wilaya wengi wanacho au wanajua kilipo. Mfuate wako.

Jina nawaachia wenzangu wanaojua sheria. Mimi naomba tu liwe fupi, na mtu aliyelisikia mara moja aweze kulitamka akinipigia simu kuuliza kama limefika.

---

MchapaLebo_Kkoo

Naongeza upande wa uchapaji, maana ndiyo kazi yangu hapa Kariakoo.

Mkuu, asali na stika ya karatasi haviendani. Mafuta ya mikono, unyevu, jasho la chupa ikitolewa sehemu ya baridi, wino unachuja. Omba stika ya plastiki, ile isiyolowa. Bei inapanda kidogo lakini lebo inakaa hadi chupa iishe. Kabla hujalipa mzigo mzima omba sampuli moja, ibandike kwenye chupa yako halisi iliyojaa asali, siyo tupu. Asali yako imekolea rangi. Ukichapa maandishi ya kahawia au mekundu kwenye stika isiyo na rangi yake, yatapotea kabisa. Wateja wangu wengi wanaidhinisha kazi kwenye kioo cha simu, inapendeza, ikifika kwenye chupa haisomeki. Simama hatua tatu, kama huwezi kusoma neno ASALI, rudisha.

Na faili la lebo ni mali yako, umelilipia. Mwambie mchoraji akupe lile linaloweza kukuzwa bila kuharibika, siyo picha ya WhatsApp. Watu wananiletea picha ya WhatsApp niichape, inatoka na ukungu, kisha wanalazimika kuchora upya kwa mtu mwingine, na rangi inakuwa nyingine. Ndiyo maana unaona chapa moja ina kijani tatu tofauti madukani.

Tarehe usiichape kwenye lebo. Acha nafasi, utapiga muhuri kila toleo. Ukichapa tarehe kwenye lebo elfu moja, zikichelewa kuisha unazitupa.

Nembo rahisi, rangi mbili, jina lililoandikwa vizuri, hiyo unaipata kwa sehemu ndogo sana ya laki sita.

---

Wakala_Nyaraka (Morogoro)

Kuhusu jina na vibali, nieleze kwa ufupi kwa sababu nawasaidia wajasiriamali kujaza fomu hizi.

Tenganisha vitu viwili. Kusajili jina la biashara BRELA, yaani wakala wa usajili wa biashara, ni jambo moja, linafanyika mtandaoni, ada yake ni ndogo. Kusajili alama ya biashara, yaani jina na nembo inayokaa kwenye chupa, ni jambo jingine, na hilo ndilo linalokupa nguvu ya kumzuia mtu mwingine asiitumie kwenye bidhaa kama yako. Usajili wa alama unadumu miaka 7 ya mwanzo, kisha unahuishwa kwa miaka 10 kila mara. Na unahusu Tanzania Bara tu. Ukitaka kuuza Unguja na Pemba ukiwa na ulinzi, unasajili tena kule kwa BPRA, wakala wao wa usajili, kwa sababu Zanzibar ina sheria yake.

Angalizo: neno linaloeleza bidhaa tu, kama "Asali Safi" au "Asali Tamu", ni gumu kulimiliki, kwa sababu kila muuza asali ana haki ya kulisema. Jina la mahali peke yake nalo lina ugumu huo huo. Kwa hiyo Sikonge iandike kama chimbuko, lakini jina la chapa litafutie neno lako. Pekua kwanza kwenye mfumo wa BRELA kabla hujachapa hata stika moja.

Ubora na usajili wa bidhaa za chakula uko TBS, shirika la viwango, tangu 2019 ilipohamishiwa kazi iliyokuwa ya TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa. Usiogope gharama: pitia ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, pale Tabora ipo, wakukague na kukupa barua ya utambulisho. Mjasiriamali mdogo mwenye barua hiyo anapewa unafuu mkubwa kwenye alama ya ubora. Bakodi, ile mistari ya kuskani, unaipata GS1 Tanzania, za kwetu huanza na 620. Maduka makubwa hayatakupokea bila hiyo. Duka la mama hapo juu, nadhani, halijali.

---

MamaDuka_AreaC (Dodoma)

Kweli, mimi bakodi sijali. Alama ya TBS najali, na wateja wangu wanaijali kuliko nembo yoyote. Wanaitafuta kwa kidole.

---

Bint_Makadara (Mombasa)

Hamjambo ndugu zangu wa Bara. Nimevutiwa na mazungumzo haya, nami naomba nitie neno moja kutoka pwani.

Mama zangu wakienda kununua leso, nyinyi mnaziita kanga, Biashara Street hapa Mombasa, hawaanzi na rangi. Wanaishika nguo, wanaikunja kiganjani kupima uzito, kisha wanageuza pindo na kusoma yale maandishi madogo ya kiwandani: Kaderdina Hajee Essak, "Mali ya Abdulla". Nyumba ile imekuwa ikiuza leso tangu 1887. Michoro hubadilika kila msimu na majina, ile misemo ya leso, hubadilika, lakini maneno yale ya pindoni yamekaa pale pale, kwa mwandiko ule ule, na bibi yangu asiyejua kusoma alikuwa akiyatambua kwa umbo lake tu. Nilikuwa nikimwona akiyapitishia kidole gumba kabla ya kuuliza bei.

Ndipo namwambia ndugu yetu wa Sikonge: ukishachagua jina na sura ya lebo, vumilia nayo. Usichoke wewe kabla mteja hajaanza kukujua. Nimeona akina dada wengi hapa wanaouza mabuyu na achari, kila Ramadhani sura mpya, rangi mpya. Wao wanaona wamechangamsha biashara. Mteja aliyeipenda ya mwaka jana anaitafuta rafuni haioni, anachukua ya mwenzao.

---

Mteja_Manzese

Nimesoma yote. Mama wa Area C, nimekuelewa kuhusu mzee wangu wa Manzese. Jana nilimuuliza mke wangu kama angeinunua asali ile kwa mtu asiyemjua, kwenye chupa ile ile. Akasema hapana, bila hata kufikiri. Nafuta kauli ya kuongeza mizinga, angalau kwa mwaka huu. Fulana bado nazipinga.

---

MrinaAsali

Asanteni sana wakuu, na dada yangu wa Mombasa. Nimeongea na binamu, hakupenda mwanzoni, lakini nilipomtumia maneno ya mchapa lebo amekubali kijana achore nembo na lebo tu. Baba mdogo ametoa jina, neno la Kinyamwezi alilokuwa analitumia mama yake akiita nyuki waliorudi mzingani. Silitaji hapa hadi nipekue BRELA kama nilivyoelekezwa. Wiki ijayo nakwenda SIDO Tabora mjini.

Mama, swali la mwisho. Nikirudi dukani kwa mara ya kwanza na chupa mpya, nasemaje? Maana ile siku ya Sinza hata salamu yangu haikusikilizwa.

---

MamaDuka_AreaC (Dodoma)

Swali zuri kuliko yote, na watu hawaliulizi.

Usiende saa nne asubuhi mwenye duka anapokea mizigo, wala jioni watu wanaponunua chakula cha usiku. Nenda saa nane, saa tisa, duka likiwa limepoa. Usiingie na katoni begani. Katoni ikiingia kabla yako, anawaza hela anayotakiwa kutoa. Ingia na chupa moja mkononi na kijiko safi kwenye mfuko. Salimia, jitambulishe unatoka wapi na kwamba umerina wewe mwenyewe. Wachuuzi wengi wanaokuja kwangu hawajui hata asali yao imetoka wilaya gani, ukisema "nimerina mwenyewe" ninanyanyua kichwa. Mpe chupa aishike, nyamaza, mwache aipindue, mwache akwaruze mfuniko. Usimwimbie sifa akiwa anaangalia. Akimaliza, fungua, mpe kijiko.

Uwe na bei mbili kichwani, ya jumla na ya rejareja unayotaka auzie, na usizibabaishe. Anayeniambia "bei tutaelewana tu mama" namwona hajui gharama zake, na asiyejua gharama zake mwezi wa pili anapotea, mimi nabaki na wateja wanaouliza. Mwachie chupa chache mali kauli, andika kwenye daftari lenye nakala, saini mbili. Sema siku utakayorudi, na urudi siku hiyo hata kama hajauza hata moja. Ukirudi, kabla ya kuuliza hela, zishushe chupa zako rafuni, zifute vumbi, zipange lebo ziangalie mbele. Wanaofanya hivyo wananifanya niwasogeze kwenye rafu ya usawa wa macho bila kuombwa.

Na simu iliyo kwenye lebo ipokee wewe au mtu mwenye ulimi mzuri. Mteja akipiga kuuliza kama asali inafaa kwa kikohozi, akajibiwa "we nani?", kazi yote ya chupa imemwagika. Ukiwa porini hakuna mtandao, weka namba ya mke wako au ya binamu, mradi anajua asali yenu.

Chupa zikiwa tayari, pita Dodoma ukielekea Dar, basi linapita hapa hapa. Niletee sita za gramu 500 na sita za kilo, na cheti cha TBS kama kitakuwa kimetoka. Kama bado, njoo na barua ya SIDO tuone. Nikitazama mfuniko kwanza usikasirike.